Mahojiano Niliyoyakata

Ninyi mlioajiriwa juzi, mnaofika shuleni na simu janja mkononi mkisema mtafundisha habari za anga kwa mahojiano ya wanasayansi, karibuni kazini. Jambo hilo nimelifanya miaka mingi hapa Ufipa na ninaweza kuwaambia linavyofanywa. Ninaweza pia kuwaambia linavyoharibiwa, na huko ndiko nilikobobea zaidi. Nikianza kulisimulia uso unaniwaka moto, hata mwezi wa sita, wakati baridi yetu inamfanya mwalimu afundishe akiwa na koti na kofia. Mnivumilie basi, kwa sababu si kila siku mtamwona mama wa umri wangu akiona haya hadharani.

Nilifundisha fizikia, na jiografia pale walimu walipopungua, katika shule moja ya kata upande wa Kaengesa. Wanafunzi waliniita Madam Skola. Nilikuwa na sifa ya usafi. Ubao wangu ulifutwa ukafutika, daftari lisilopigiwa mistari nililirudisha kwa mwenyewe, na mwanafunzi aliyenijibu kwa "nadhani" nilimwambia akae chini, akishamaliza kudhani ndipo asimame. Walinipenda hivyohivyo, au niseme walinizoea.

Mahojiano yalianza kwa bahati. Rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye yuko Dar es Salaam, alinitumia kwa simu sauti ya profesa mmoja mzee akihojiwa habari za jua. Nikaunganisha simu na spika, nikaiweka mezani, nikabonyeza. Profesa akasema, "Hamjambo, vijana?" Darasa zima likasimama. "Hatujamboo! Shikamoo mzee!" Kisha wakabaki wima, kwa kuwa mzee hakuwaambia wakae. Yeye, aliyerekodiwa wiki kadhaa nyuma akiwa kwake huko, akaendelea na jua lake. Nilitaka kuwaambia wakae, lakini nikajikuta na mimi nimesimama, mikono nyuma, naona vibaya kumkatiza mtu mzima. Tulisikiliza nusu ya habari za jua tukiwa wima, kana kwamba tunaimba wimbo wa taifa. Mwishowe nikabonyeza kusimamisha, nikasema kwa niaba yake, "Marahaba, kaeni." Wakakaa.

Nilicheka peke yangu njia nzima kurudi nyumbani, lakini nilikuwa nimeona kitu. Kitabu chetu cha fizikia kilikuwa na picha ya sayari zote zimepangwa mstari, nyeusi na nyeupe, na watoto waliikariri kama orodha ya wafalme waliokwisha kufa. Sauti walisimama kuiamkia. Kitabu kwao kilikuwa karatasi, ila sauti ilikuwa mtu, na maneno ya mtu waliyabeba mpaka nyumbani.

Basi shikeni haya ya kazi. Msicheze mahojiano tangu mwanzo hadi mwisho kama redio ya dukani. Chezeni swali, simamisheni kabla mwanasayansi hajajibu, waulizeni wanafunzi wao wangejibu nini, andikeni majibu yao ubaoni hata yale ya ajabu, ndipo mumruhusu mwenye kazi aseme. Mtaona shingo zinavyonyooka. Wakati wa mvua fanyeni asubuhi, kwa sababu mchana mvua ikianza kupiga bati hata malaika akihojiwa hasikiki. Spika isikae mezani kwenu, ikae nyuma, kwenye dawati la wale wanaosinzia.

Na mkipata nafasi ya kutuma maswali wenyewe, msimwulize mwanasayansi "umuhimu wa sayansi ya anga ni nini", atawapa hotuba. Mwulizeni kazini anashika nini kwa mikono yake. Mmoja alinijibu kwamba kutwa nzima anashika bisibisi, maana kazi yake ni kukaza skrubu za setilaiti na kuitikisa kwenye mashine aone kama zitalegea. Darasani kwangu alikuwapo mtoto wa fundi baiskeli, na tangu siku hiyo alihamia dawati la mbele. Mwulizeni pia ni siku gani alirudi nyumbani amenuna. Hapo watu huacha hotuba wakaanza kusema kweli.

Na kweli ndiyo iliyonishinda. Mara nyingi aliyekuwa amenuna alisema hivi: "Tulipima, tukapima tena, na mpaka leo hatujui."

Neno hilo mimi sikulelewa nalo. Aliyenipokea kazini alikuwa Mwalimu Telesfori, Mungu amrehemu, mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wiki yangu ya kwanza mwanafunzi aliniuliza swali nikababaika, naye Telesfori alikuwa akipita dirishani. Akaniita nje. "Binti," akaniambia, "darasani hakuna sijui. Swali likikushinda, sema: Swali zuri sana! Kalifanyieni utafiti, kesho mniletee majibu. Kesho mtakuwa mmesahau wote." Nilicheka, lakini niliushika ushauri ule kuliko Zaburi. Kama wanafunzi wangu wangefanya kweli tafiti zote nilizowatuma, Ufipa ingekuwa na chuo kikuu chake.

Tena kulikuwa na mtihani wa taifa, ambao hautoi alama kwa hatujui. Na kulikuwa na jambo jingine nililokuwa nalo moyoni. Watoto wetu wakienda kwenye mashindano nje ya mkoa, wenzao huwaangalia kama watu waliotoka mbali sana. Nilitaka watoto wa Ufipa waandaliwe sayansi iliyoiva, isiwe mbichi. Nilijiambia kwamba nawapenda, na ninaamini niliwapenda.

Mjini Sumbawanga kulikuwa na kijana anaitwa Kizito, aliyerekodi kwaya. Chumba chake kilikuwa kimezibwa kuta zote kwa magodoro na trei za mayai, na humo ndani waimbaji walitoka jasho hata siku za baridi. Nilimpelekea sauti zangu azisafishe, aondoe upepo, jogoo, honi na vikohozi. Alikuwa na subira ya ajabu. Alinifundisha kwamba ukikata sauti ya mtu katikati ya pumzi, msikilizaji atasikia amevuta pumzi mbili kwa mpigo na atajua, kwa hiyo kata kabla ya pumzi na uunganishe kwenye pumzi.

"Shikamoo Madam. Leo umeniletea nani?"

"Marahaba. Huyu wa leo ni wa nyota. Mtoe kikohozi na hiyo pikipiki inayopita."

Akatoa. Akafika mahali, akasimama. "Na hapa anaposema hawajui, niache?"

"Kata."

"Mbona amelisema kwa furaha, Madam? Hebu sikia sauti inavyopanda."

"Kata, Kizito. Hicho nacho ni kikohozi."

Tulicheka wote wawili. Tangu siku hiyo ukawa utani wetu. Akifika penye hatujui ananitazama, mimi nasema "kikohozi", naye anakata na kuunganisha pumzi vizuri kabisa. Mwaka ukaenda, mwingine ukaja, na darasani kwangu wakapita wanasayansi wasiositasita, wasiokosea, wasiokosa jibu hata siku moja. Wageni waliokuja kukagua shule walikaa nyuma wakasikiliza na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Nilijivuna, wanangu. Nilitembea kifua mbele kwa kazi ya mkasi.

Ndipo akaja Leokadia.

Alikuwa kidato cha nne, mtoto mrefu, mkimya hadi umguse kwenye fizikia. Kengele ikilia wenzake wanakimbilia nje, yeye anabaki ananiuliza mwezi usingekuwepo ingekuwaje. Nilitaka akimaliza aende kidato cha tano asome fizikia, kemia na hisabati, na huko mbele aingie kwenye mambo ya anga. Baba yake, Mzee Pankrasi, mkulima wa mahindi na ulezi, alitaka chuo cha uuguzi. Hakuwa mbishi. Alikuja shuleni mwenyewe, akavua kofia, akaniambia, "Mwalimu, nesi namwona. Nikiumwa nitamkuta pale. Huyo wa nyota sijawahi kumwona hata mmoja. Nionyeshe mmoja aliyetoka kwetu, nisikie kwa masikio yangu kazi yake ni nini, mtoto nitamwachia aende." Leokadia alikuwa amesimama pembeni yake. Alisema na yeye atafuata atakachosikia.

Sisemi uuguzi ni kazi ndogo. Mwili wangu huu uko mikononi mwao. Lakini mwalimu akiona mtoto amependa kitu, usingizi humruka.

Nikatafuta, nikapata. Alikuwapo dada mmoja anaitwa Restituta, mzaliwa wa Ilemba, kule bondeni, aliyekuwa akisomea vimondo katika chuo kikuu nje ya nchi. Mama yake bado alikuwa analima palepale. Namba yake nilipewa na shangazi yake, muuza samaki aina ya migebuka sokoni mjini. Nilipompigia na kumweleza kwamba ninataka wanafunzi wamhoji kwa simu, picha yake ikionekana ukutani, alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alisema tangu aondoke nyumbani hakuna mtu wa kwao aliyewahi kumwuliza anafanya kazi gani, wanamwuliza tu atarudi lini.

Tukapanga Jumamosi asubuhi. Nilifagilisha darasa, nikaazima projekta, nikawapanga wanafunzi kwa kimo. Kila kitu nilikiwaza isipokuwa kimoja: simu ya moja kwa moja haina mkasi.

Mzee Pankrasi alikaa mbele kwenye kiti cha ofisini, na koti lake refu. Restituta akatokea ukutani, amevaa sweta, anatabasamu. Wanafunzi wakamwamkia vizuri, naye akamwamkia mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako nilikutana naye sokoni Muze. Mzima kabisa."

Nikaona macho ya Restituta yamelowa kidogo. Akatuonyesha jiwe dogo jeusi kama kipande cha mkaa, akasema lilitoka angani na lina umri mkubwa kuliko mlima wowote tuujuao. Darasa likaguna. Mzee Pankrasi akasogeza kiti. Nikamwangalia Leokadia, nikajua nimeshinda.

Leokadia akasimama. "Dada, kile kimondo cha Mbozi kilianguka lini?"

"Hatujui," akasema Restituta. "Hakuna simulizi la mtu aliyekiona kikianguka, kwa hiyo lazima ni zamani sana. Tunakadiria tu."

Leokadia akanitupia jicho, akaendelea. "Na maji haya ya duniani, kama yale ya Ziwa Rukwa hapo kwenu, asili yake ni nini? Yaliletwa na vimondo?"

Restituta akasogea mpaka uso ukajaa ukuta mzima. "Hilo hasa ndilo ninalohangaika nalo! Wako wanaosema yaliletwa na vimondo, wako wanaosema dunia ilizaliwa nayo. Tunapima mawe haya kutafuta. Ila kusema ukweli, bado hatujui."

Minong'ono ikaanza nyuma. Leokadia sauti ikapungua. "Kwenye sayari ya Mirihi, kuna viumbe hai?"

"Hatujui," akasema Restituta, na alilisema kama mtu anayetangaza harusi.

Lazima mwelewe, wanafunzi wangu hawakuwa na utovu wa nidhamu. Walikuwa na adabu, na adabu yao ndiyo iliyonimaliza. Kiranja mkuu, kijana mmoja anaitwa Evodi, akasimama na kuweka mikono nyuma. "Samahani sana, dada," akasema. "Hapo ulipo hakuna mkubwa wako tuongee naye?"

Restituta akacheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Mkubwa wangu naye hajui, mdogo wangu," akasema.

Darasa likatoa ile sauti watu wanayoitoa wakisikia habari za msiba. Mzee Pankrasi akasimama, akavua kofia, akaongea na ukuta kwa upole. "Mwanangu Restituta, pole sana. Nchi ya watu ni ngumu. Usikate tamaa, ongeza bidii, utajua tu. Na mama yako sitamwambia."

Evodi, Mungu ambariki, akataka kusaidia. Akawageukia wenzake: "Tumpe dada makofi ya kumtia moyo!" Wakapiga, yale makofi ya mpigo mmoja tunayompigia mwanafunzi aliyekosa jibu ubaoni. Makofi hayo niliwafundisha mimi.

Restituta alinitafuta kwa macho mpaka akaniona nimesimama karibu na mlango. "Madam?" akasema.

Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini jambo hilo limetokea. Kulihitajika sentensi moja: watoto, hata wale wa kwenye spika hawajui, mimi ndiye niliyewakata. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, nzima, imeiva. Nikawatazama wanafunzi, nikamtazama Mzee Pankrasi na kofia yake mkononi, nikasema kwa sauti kubwa, "Mtandao! Jamani, mtandao unasumbua!" Nikabonyeza kitufe chekundu. Uso wa Restituta ukatoweka ukutani.

Mtandao haukuwa na shida yoyote. Picha ilikuwa safi hadi nyuzi za sweta lake zilionekana. Wanafunzi wa siku hizi wanaijua simu inapokatika na wanaijua inapokatwa, lakini walinyamaza, kwa adabu ileile.

Mlangoni Mzee Pankrasi alinishika mkono. "Ahsante mwalimu. Tumesikia," akasema. Jumatatu Leokadia alikuja ofisini kuniambia amechagua uuguzi.

"Kwa nini, mwanangu?"

Hakuwa na hasira. Alinieleza kama anayefafanua hesabu. "Madam, wale wa kwenye spika wameshamaliza kujua kila kitu. Huyu dada yeye bado hajajua chochote. Sasa mimi nitaingia wapi?"

Nimefundisha umri mrefu na nimejibiwa mengi, lakini swali lile liliniondoa kwenye kiti. Nilikuwa nimewafungia watoto wale mlango wa mbele na wa nyuma. Kila mahali ambapo palikuwa na nafasi ya mtu kuingia, palipobaki kazi ya kufanya, mimi na Kizito tulipaita kikohozi.

Jioni ile nilimpigia Restituta. Nilitaka kuomba radhi kwa maneno ya jumla, yale ya kusema "samahani kwa yaliyotokea", lakini nilipoisikia sauti yake nikamweleza yote, mkasi, kikohozi na mtandao. Restituta akasema, "Nilidhani ni mimi niliyeongea vibaya, Madam. Tangu juzi nafanya mazoezi mbele ya kioo, jinsi ya kuwajibu watoto bila kusema hatujui."

Hapo nililia, sitawaficha. Mtu mzima na kazi yake, tena kazi nzuri, nilikuwa nimemfanya aanze kujikata mwenyewe. Nikamwambia, tafadhali mwanangu, kioo hicho kigeuze. Akacheka kidogo. Akaniuliza, "Vile vipande mlivyokata viko wapi?"

Kizito alikuwa navyo vyote. Mrekodi kwaya hatupi sauti, aliniambia, huwezi kujua lini mwimbaji wa solo atakufa. Alivihifadhi kwenye kompyuta, mahali alipopaita Kikohozi. Nikamwomba aviunganishe vyote, kimoja baada ya kingine, bila kusafisha kitu. Akaviunganisha.

Nikamwita tena Mzee Pankrasi. Nikasimama mbele ya darasa nikasema. Msidhani nilisema vizuri. Nilizunguka, nikaanza na historia ya shule, nikafuta ubao uliokuwa safi. Mwisho nikasema wanasayansi wote ambao wanafunzi waliwasikia humu walisema hatujui, na mimi niliwakata kwa mkono wa Kizito, kijana anayerekodi kwaya mjini, kwa sababu niliona aibu kwa niaba yao, wakati wao wenyewe hawakuona aibu. Nikawaambia na mtandao ulikuwa mzima. Kisha nikabonyeza.

Sauti zikatoka, moja baada ya nyingine. Yule profesa wa jua, wa skrubu za setilaiti, wa nyota. Hatujui. Bado hatujui. Hapo tumekwama. Mimi mwenyewe nashangaa. Ukijua uniambie. Pikipiki zinapita, majogoo wanawika, watu wanakohoa. Evodi aliinamisha kichwa mpaka kwenye dawati, na baadaye akaomba namba ya dada ili amwombe msamaha. Wengine wakaanza kunyoosha mikono, na sijawahi kuulizwa maswali kama yale, waliuliza mpaka mwalimu wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha lilikuwa la takataka zangu mwenyewe.

Walipotulia, Mzee Pankrasi akasimama. "Mwalimu, nakushukuru umesema," akaanza. "Si rahisi. Ila nisaidie kitu kimoja. Zile sauti za kwanza uliwawekea watoto wewe, wakaamini. Na hii ya leo umetuwekea wewe, na imetoka kwa kijana yuleyule. Nitajuaje kama hujakata?"

Hakuwa ananishtaki. Aliuliza kama anavyoulizia mbegu, kwa sababu alikuwa na mtoto na ilimbidi aamue. Ushauri wa Telesfori ulinijia ulimini, swali zuri sana, kalifanyieni utafiti. Nikaumeza.

"Sijui, mzee," nikamjibu.

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi kulitamka neno hilo mbele ya darasa. Halikunisaidia kitu. Mzee Pankrasi alitikisa kichwa taratibu, akavaa kofia, na Leokadia alipotazamwa na wenzake akatazama dirishani. Alikwenda uuguzi.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi tofauti. Swali la kwanza kwa kila mwanasayansi lilikuwa, nini hujui? Jibu lake nililiandika juu kabisa ya ubao, na lilikaa pale wiki nzima bila kufutwa, mimi wa ubao safi. Restituta alirudi ukutani kwangu mara kadhaa, na watoto wapya walimwuliza kwa uchu kama bado hajajua, wakafurahi akisema bado. Wawili watatu walifuata njia ile. Nikipewa sifa kwa ajili yao huwa natafuta pa kuangalia. Kwa hiyo wanangu, mkisikia hatujui kwenye mahojiano, ongezeni sauti. Msingoje mwaka ambao mtoto anayetakiwa kulisikia atakuwa ameshaamua.

Leokadia ni nesi hapa mjini, kwenye kliniki ninayokwenda kwa ajili ya presha. Ni nesi mzuri, wagonjwa wanamngojea yeye. Ananiamkia "shikamoo Madam" kwa heshima zote, ananifunga ile mipira mkononi, ananiuliza kama nimekunywa dawa. Nami, mama mzima, namwambia yote, bila kukata kitu. Namwambia siku nilizosahau, chumvi niliyoongeza, chai niliyokunywa na sukari, hata na yale ambayo hakuyauliza. Anasikiliza mpaka mwisho, anaandika, kisha anainua uso na kunitazama.

"Ni hayo tu, Madam?"